Manukato Yaitwayo Siachi

Siku nilipohamia kwa shangazi yangu, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba uso wake ulikuwa na rangi mbili. Paji la uso, masikio na nywele zilizochungulia chini ya kilemba vilikuwa vya fedha, rangi ya gari dogo alilolipulizia siku hiyo. Kuanzia puani hadi kidevuni alikuwa yeye mwenyewe, mweusi wa kung'aa, msafi kama sahani iliyotoka kuoshwa, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa ndani ya barakoa kutwa nzima. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka. Nilisimama mlangoni na begi langu la chuo, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, nikajiuliza nimsalimie yupi, wa juu au wa chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usiniguse, sijakauka," akasema, akanipita kwenda bafuni.

Nilikuwa nimekuja kutafuta kazi. Kazi ilichelewa, na kuchelewa kwake kulinipa muda wa kumtazama mwanamke huyu ambaye nyumbani tulikuwa tukimtaja kwa kuguna. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Ovaroli zake zilining'inia nyuma ya mlango zikiwa zimekakamaa kwa rangi, hata ungedhani ndani yake kuna watu wamesimama. Harufu ya thina, ile dawa ya kulainishia rangi, ilikuwa kwenye mapazia, kwenye foronya, na nadhani hata kwenye chumvi. Baada ya wiki moja niliacha kuisikia. Baada ya mwezi, rafiki yangu wa chuo aliponikumbatia aliniuliza kama nimeanza kupaka kuta.

Gerejini walimwita Mikono Mitatu. Kwa mafundi rangi, mkono ni upakaji mmoja wa rangi, na wengi wao wakishapiga mikono miwili humwita mteja. Yeye hakuwahi kutoa gari chini ya mitatu. Wakimwambia gari la fulani halistahili, lina ukubwa wa kabati na umri wa babu, aliwajibu kwamba yeye hapaki mtu, anapaka gari.

Ufundi huo aliuingia kwa mlango wa nyuma. Fundi rangi wa kwanza katika ukoo wetu alikuwa baba yangu, kaka yake. Shangazi, wakati huo msichana aliyemaliza shule bila matokeo ya kujivunia, alikuwa akimpelekea chakula cha mchana. Siku moja alimkuta amelala kwenye kivuli cha lori, akachukua msasa uliokuwa umelowekwa ndooni, akaanza kusugua mlango wa gari. Baba alipoamka, mlango ulikuwa umelainika.

"Nilimwambia arudi nyumbani," baba hunisimulia. "Akasema kesho pia atakuja. Nikamwambia gereji si mahali pa msichana. Akaniuliza, kwani gari linajua?"

Baba aliichoka kazi ile, akaenda kuuza mbao. Mdogo wake akabaki.

Mwanzoni wateja walimwuliza fundi yuko wapi, naye akajibu, "Ametoka." Gari likiisha, mteja alilizunguka, akapitisha kidole juu ya boneti, akasema, "Mpe fundi hongera zangu." Shangazi akasema, "Zitafika." Mchezo huo uliendelea mpaka siku moja ukamchosha. Bwana mmoja mwenye suti alipouliza fundi yuko wapi, alimwambia, "Unaongea naye." Bwana akasema atamsubiri fundi mwenyewe. "Msubiri. Benchi lile pale." Alikaa pale mpaka gereji ikafungwa. Kesho yake asubuhi alirudi, akaweka ufunguo mezani.

Wachumba walikuja pia, na wote walikuwa na sentensi moja: ukishaolewa, utaacha. Wa kwanza aliisema kwa upole, wa pili kwa amri. Shangazi aliwasindikiza wote wawili mpaka barabarani kwa heshima. Baba alipomlaumu kwamba anachagua sana, alimjibu, "Sichagui, kaka. Wao ndio wanakuja kwa mke mmoja halafu wanaagiza mwingine. Si wangeenda kwa huyo mwingine tangu mwanzo, wakaokoa nauli?"

Basi akafika umri ambao watu waliacha kumwuliza ataolewa lini. Ndipo akaja Mwalimu.

Mwalimu anafundisha watu kuendesha gari. Ni mjane, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na gari lake lilikuwa halimalizi mwezi bila kugongwa na mwanafunzi. Leo taa, kesho mlango, keshokutwa bampa. Alilileta kwa shangazi, akakaa kwenye benchi, akatazama. Baadaye mafundi wakaanza kunong'ona kwamba mikwaruzo mingine haikutoka kwa wanafunzi. Walidai mkwaruzo wa mwanafunzi huwa na hofu ndani yake, unapinda, unasitasita. Hii ya siku hizi ilinyooka kama imepigwa kwa rula.

Alimposa kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mwanafunzi abadilishe gia. "Taratibu tu," alisema, "ukiwa tayari."

Shangazi alimwuliza swali moja. "Na kazi?"

"Kazi gani?"

"Kazi yangu."

"Sasa gari langu atalipaka nani?"

Jibu hilo lilimtosha. Ubaya wake ni kwamba lilitolewa dada yake Mwalimu akiwa hayupo.

Dada huyo ni matroni wa bweni la wasichana, mwanamke anayeweza kunyamazisha ukumbi mzima kwa kuvua miwani tu. Ndiye aliyemlea Mwalimu baada ya wazazi wao kufariki, na mpaka leo Mwalimu akimwona anajikuta ananyoosha kola. Alitualika chai nyumbani kwake ili amwone mchumba. Nilikwenda na shangazi kama upande wa mke. Vitambaa vya meza vilikuwa vimepigwa pasi mpaka kwenye ncha.

"Wifi," alianza, baada ya kutumiminia, "nasikia kazi yako ni ya mikono."

"Mitatu," shangazi akasema.

Matroni hakucheka. Alitoa kwenye mkoba wake kadi nyeupe yenye maandishi ya dhahabu, akaisukuma juu ya meza. "Kuna chumba mjini, wachumba wanakwenda wanakaa wawili, wanachanganya manukato yao wenyewe. Nimeshawalipia. Mtengeneze ya siku ya harusi. Maana usichukie, wifi yangu, lakini tangu umekaa hapo chai yangu naisikia ina rangi."

"Ya fedha," shangazi akajibu. "Ikikauka inang'aa."

"Mimi sitanii. Mtu haingii mbele za watu na gauni jeupe ananuka gereji. Na tukishavuka harusi, gereji basi. Mdogo wangu anaoa mke, haoi gereji. Ukiendelea nayo, harusini msinihesabu."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Gereji siachi, wifi. Nilisema hivyo kabla sijamjua ndugu yako, na nimemwambia yeye mwenyewe." Kisha akageuka, na Matroni akageuka, na mimi nikageuka, sote tukamtazama Mwalimu.

Mwalimu alikuwa akikoroga chai. Alikoroga kwa makini, akiangalia ndani ya kikombe.

Tulirudi kwa miguu. Shangazi alitembea kwa hatua ndefu, kisha akasimama katikati ya njia.

"Umekiona kikombe chake?"

"Kilikuwa na nini?"

"Hakikuwa na kitu. Alishaimaliza chai. Amekoroga kikombe kitupu."

"Labda aliogopa, shangazi. Ni dada yake."

"Hata mimi niliogopa. Lakini nimeongea." Alivuta kilemba chake mbele. "Nampa mpaka siku ya hayo manukato. Dada yake akilirudia lile neno na yeye akakoroga tena kikombe kitupu, harusi hakuna. Siwezi kuolewa na mtu ambaye yuko upande wangu tukiwa wawili tu."

"Kwa hiyo utakwenda?"

"Kwa nini nisiende? Nitakwenda na nitachanganya. Lakini kuingia ndani ya chupa ya mtu nikafungiwa kizibo, hapana."

Habari zilifika gerejini kabla yetu. Asubuhi mafundi walimpokea kwa mikono kiunoni. Mmoja akamwomba amletee manukato ya kupaka kwenye injini, mwingine akaonya kwamba wenye chumba wafiche chupa zao, la sivyo Mikono Mitatu atayatia manukato puti ya kuzibia mikwaruzo na kuyapiga msasa. Shangazi aliwaacha wacheke. Alipovaa barakoa, mmoja alimwuliza kwa sauti ya kawaida, "Lakini dada, mwenzio atasimama nawe?" Shangazi aliwasha kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Kilikuwa na dirisha pana, meza nyeupe yenye viti viwili, na rafu tatu za vichupa vya kahawia vyenye vinyunyizio midomoni. Tulifika watatu, shangazi, Mwalimu na mimi, kwa sababu shangazi alikuwa amesikia kwamba Matroni atakuwepo, na hakutaka kuzidiwa idadi. Kweli tulimkuta ameshakaa kwenye kiti cha wageni ukutani, mkoba magotini.

"Nimekuja kuhakikisha," alisema.

Mwenye chumba alikuwa mama mwenye nywele fupi na aproni ya kijivu, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analinusa kwanza. Aliwaketisha wachumba mezani, sisi wengine akatuacha ukutani. Akawaeleza kwamba manukato yana harufu za juu, za kati na za chini. "Za juu ndizo zinazokusalimia mlangoni. Za kati zinakaa kuzungumza nawe. Za chini ndizo zinazolala hapo mpaka asubuhi."

"Kumbe ni kama rangi," shangazi akasema. "Ila sisi tunaanza na ya chini."

"Na sisi tukichanganya tunaanza na ya chini. Tukinusa ndiyo tunaanza na ya juu."

Nilimwona shangazi akilegea kidogo. Alikuwa mahali penye utaratibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kunusa. Kila mmoja anapuliza kidogo kwenye kipande cha karatasi, anakileta puani, anasema kinamkumbusha nini, na vile wanavyovipenda wote wawili vinawekwa katikati ya meza. Mwalimu alianza. Kichupa cha kwanza kilimkumbusha sabuni za hoteli, cha pili kiti kipya cha gari, cha tatu alikinusa akasema kinamkumbusha mwanafunzi fulani aliyekuwa akijipaka kabla ya mtihani, na bado akafeli. Shangazi alicheka, akachukua kichupa cha limau. Alikishika kama anavyoshika bunduki ya rangi, kiwiko nje, akapitisha mpulizo mmoja sawasawa kutoka kushoto kwenda kulia. Akaleta karatasi puani.

"Hii haina kitu," alisema.

Akapewa waridi. Mpulizo mmoja sawasawa, karatasi puani. "Hata hii."

Akapewa mchaichai, yasmini, ambari. Mama wa chumba alianza kukunja uso. Alikwenda kwenye rafu ya mwisho, akaleta karafuu, harufu ambayo mimi niliisikia kutoka ukutani kifuniko kilipofunguliwa tu. Shangazi alipuliza, akaileta karatasi mpaka ikagusa ncha ya pua.

"Siisikii," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Matroni alivua miwani. Nilitegemea ushindi usoni mwake, lakini alichokuwa nacho si ushindi.

"Pua imekwenda," alisema. "Nilijua. Wifi, unaniona mimi mtu mbaya, lakini yule mke wa kwanza wa ndugu yangu alianza hivi hivi. Kwanza chakula hakisikii harufu, halafu kikohozi, halafu kifua. Ni mimi niliyemlisha kwa kijiko. Nilimwogesha mimi. Umepuliza sumu miaka yote hiyo, sasa hata karafuu huisikii, na unaniambia huachi. Mimi sizungumzii gauni jeupe. Mimi sitaki kuzika wifi mwingine."

Shangazi alikuwa ameishika ile karatasi mezani kwa vidole viwili. Nikawaza, hapa ndipo atakaposhindwa. Atasema naacha.

"Shusha mabega," Mwalimu alisema.

Shangazi hakumwelewa. "Nini?"

"Mabega yako yako masikioni. Yashushe. Sasa chukua kile cha limau, puliza tena."

Alipuliza. Mwalimu alikuwa ameinama upande, akimtazama kifua kama anavyomtazama mwanafunzi kwenye usukani.

"Unabana pumzi," alisema.

"Sibani."

"Unabana. Tangu tumekaa hapa hujavuta pumzi hata mara moja ukiwa umeshika kichupa. Unapuliza, unaleta karatasi puani, unaiweka chini, halafu ndiyo unapumua, tena pembeni. Wanafunzi wangu wote wanafanya hivyo wakirudisha gari nyuma. Wanabana mpaka gari lisimame, wengine wanakuwa wa bluu."

Shangazi alikitazama kidole chake kilichokuwa bado juu ya kinyunyizio, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Ni mkono," alisema polepole. "Mkono ukibonyeza, kifua kinafunga chenyewe. Kaka yangu alinifundisha hivyo siku ya kwanza niliposhika bunduki ya rangi. Barakoa ni ya kwanza, alisema, na ya pili ni wewe mwenyewe. Ukipuliza usivute. Geuka, pumua, rudi." Alinigeukia mimi, macho yamemtoka. "Baba yako huyo."

"Nipe hicho," Mwalimu akasema. Alichukua kichupa, akapuliza yeye, akamshikia karatasi. "Wewe kazi yako ni kuvuta tu. Vuta."

Shangazi alivuta pumzi ndefu mpaka kilemba kikapanda.

"Limau," alisema. Akavuta tena. "Limau lenye maganda. Lililokwanguliwa."

Mwalimu akapuliza waridi. "Waridi." Akapuliza yasmini. "Hii sijui jina lake, lakini inamea kwenye ukuta wa nyuma wa ofisi ya maji." Mama wa chumba akapiga makofi kidogo kwa ncha za vidole. Mwalimu anabonyeza, shangazi anavuta, mikono yake mwenyewe ameikalia ili isije ikaingilia.

Matroni hakuridhika kirahisi. Alisimama, akafika mezani, akachukua kichupa, akakificha jina kwa kiganja, akapuliza. "Na hii?"

"Karafuu."

Akachukua kingine. "Na hii?"

"Hiyo ni losheni ya mkononi mwako, wifi. Hujapuliza bado."

Mwalimu alikohoa kuficha kicheko. Matroni alirudi kwenye kiti chake, lakini miwani hakuivaa.

Walikuwa wameshatenga vichupa sita au saba katikati ya meza pale Mwalimu alipopuliza kimoja kidogo kutoka rafu ya matunda. Shangazi alivuta, akaacha, akavuta tena. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeitwa kwa jina ugenini.

"Hii naijua. Hii ni kazini."

"Ni ndizi mbivu," mama wa chumba akasema. "Lakini hujakosea. Ndizi ina jamaa zake kwenye rangi na thina. Wengi wanaofanya kazi na rangi huniambia hivyo."

Mwalimu naye aliinusa ile karatasi, akafumba macho. "Ni wewe," alisema. "Ukiingia kwenye gari langu, hii ndiyo inayotangulia kukaa."

"Basi hiyo iwekwe pembeni," Matroni akasema kutoka ukutani.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuingia," shangazi akasema.

"Wifi, tumekuja hapa kuiondoa harufu hiyo."

"Wewe ndiye uliyekuja kuiondoa. Sisi tumekuja kuchanganya."

"Pua nimekubali, ipo. Kifua je? Leo kipo, kesho je? Neno langu ni lile lile. Gereji basi, au harusini msinihesabu."

Neno lilikuwa limerudiwa. Shangazi hakugeuka kumtazama Mwalimu. Aliangalia meza, mikono yake bado ameikalia, akasubiri. Mimi nilitazama mikono ya Mwalimu, na juu ya meza ile hakukuwa na kikombe.

"Dada," Mwalimu alisema. "Umenilea. Sijawahi kukukatalia kitu, hata viatu vile vya kahawia nilivaa."

"Vilikupendeza."

"Havikunipendeza, dada. Nisikilize. Marehemu alikuwa karani. Hakushika rangi siku hata moja, na bado kifua kilimchukua. Wewe ulimwuguza, sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini. Lakini huyu hapa amefundishwa kujilinda, na amejilinda mpaka mkono wake unakataa kumwacha avute limau. Nikimwambia leo aache, nitakuwa namwambia ulikuwa unabana pumzi bure. Haachi. Na mimi simwombi aache. Harusini njoo, nitafurahi kuliko mtu yeyote. Usipokuja nitaumia sana. Lakini nitaoa, na nitamwoa huyu, na Jumatatu nitampeleka gerejini mwenyewe."

Chini dukani mtu alikuwa akisomeshwa herufi za kupimia macho, moja moja, kwa sauti. Shangazi aliitoa mikono yake chini ya mapaja, akamshika Mwalimu kifundo cha mkono, hakukiachia kwa muda.

"Tuendelee," alimwambia mama wa chumba.

Walichanganya wawili, yeye akishika mrija wa kudondoshea na Mwalimu akitaja matone. Chini waliweka msandali na ile harufu ya ngozi ya kiti kipya. Kati waliweka karafuu na waridi kidogo. Juu wakaweka limau na ndizi. Mama wa chumba aliwaonya kwa uaminifu kwamba ndizi ni nyepesi, huruka kabla ya wenzake wote, wageni wakifika mezani haitakuwepo tena.

"Kuruka ndiyo kazi yake," shangazi akasema. "Hata thina inaruka, rangi ndiyo inabaki. Lakini bila thina hupulizi kitu. Weka."

"Mnaliharibu waridi zuri," Matroni akasema, si kwa mtu yeyote.

Mwishowe kilikuja kibandiko cha chupa, na kalamu. Mama wa chumba aliuliza watayapa jina gani. Wachumba wengine, alisema, huunganisha majina yao, wengine huandika tarehe.

"Siachi," shangazi akasema.

"Hutaki kufikiri kidogo?"

"Nimefikiri tangu nikiwa msichana."

Mwalimu alichukua kalamu akaliandika yeye, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Chupa ikapita mkononi mwa Matroni. Aliisoma, midomo ikicheza.

"Hilo ndilo jina la manukato?"

"Ndilo la kwetu, wifi."

Tulipewa masharti. Ikae gizani ikomae, itikiswe kila siku, na isifunguliwe kabla ya asubuhi ya harusi. Matroni alitutangulia kwenye ngazi, mgongo umenyooka. Chini barabarani alisimama, akamgeukia shangazi.

"Hicho kichujio cha barakoa yako, unakibadilisha lini?"

"Kikianza kuruhusu harufu."

"Kinabadilishwa kabla ya hapo," alisema, kwa sauti ambayo nadhani hulaza bweni zima, akaondoka.

"Hajasema atakuja," nikasema.

"Hajasema haji," Mwalimu akasema. Kisha akaegemea ukuta wa duka la miwani, akalegeza kola, na shangazi akamcheka mpaka watu wakageuka.

Wiki iliyofuata Matroni alitokea gerejini bila taarifa. Nilikuwa nimempelekea shangazi chakula, nikamwona anaingia na mwavuli, anaruka madimbwi ya mafuta kama paka. Mafundi walisimama wote, sijui kwa nini. Alimwambia mmoja afunge vifungo, mwingine aokote vikombe vilivyozagaa, nao wakatii. Alikaa kwenye benchi, akatazama kupitia kioo cha chumba cha kupulizia jinsi shangazi anavyovaa barakoa, anavyoikaza, anavyopuliza mlango wa gari, anageuka, anapumua, anarudi. Mikono mitatu yote. Shangazi alipotoka, nusu ya juu ya uso ikiwa nyekundu, alimkuta wifi yake amemshikia boksi dogo la vichujio.

"Sijakubali," Matroni akasema. "Nimeleta tu."

"Asante, wifi. Na mimi siachi."

"Nimesoma kwenye chupa."

Harusi ni Jumamosi hii. Chupa iko kabatini, gizani, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini shangazi huitikisa, huitazama kwenye mwanga, huirudisha. Kazi anakwenda kama kawaida. Kuna basi dogo la kanisa ameahidi kulimaliza Ijumaa. Mpaka jana Matroni alikuwa hajatuma neno kama anakuja. Mwalimu amemwachia kiti cha mbele, na amewaambia wote waliomwuliza kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu mwingine.

Jana jioni simu yangu ililia.

"Mwambie shangazi yako hiyo chupa asiifungue mpaka nifike."

"Kwa hiyo unakuja, mama?"

"Nakuja kunusa. Nikiisikia hiyo ndizi, nitasema mbele za watu wote."

Nilikimbia mpaka gerejini kupeleka ujumbe. Shangazi alikuwa amechuchumaa anapiga msasa ubavu wa lile basi, maji meupe yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua.

"Aseme," alisema. "Nitampulizia wa kwanza, kisha atapanda kwenye kiti kabisa, aseme vizuri."

Lakini mkono ulikuwa umeshasimama. Mtu huyu ambaye maishani mwake hajawahi kuiharakisha rangi ikauke, aliinua uso akaniuliza, kwa mara nyingine tena tangu asubuhi, leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumatano.

"Haiwezekani," alisema. "Hata jana ilikuwa Jumatano."